Nge-bandia Wenye Kasoro: Mwongozo kwa Mtafutaji wa Likasi

Mtu wa Likasi akimwona mdudu mwenye mguu mfupi au gando lililopinda, jawabu huwa tayari mdomoni: ni migodi hiyo. Huwezi kumlaumu. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba mwaka 1929, malori ya madini yanapita barabarani mchana na usiku, na machimbo ya Shinkolobwe, yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya 1945, yako kilomita 20 hivi kutoka mjini. Lakini viumbe wenye kasoro huzaliwa pia mahali pasipo na mgodi hata mmoja, na wengi wanaodhaniwa wana kasoro ni wazima waliopata ajali. Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi, mwalimu wa biolojia, mfugaji wa nyuki, au yeyote mwenye macho na subira anayetaka kujua kasoro ikoje, hutafutwaje, na ni lini mtu ana haki ya kuitaja migodi.

Nimemchagua nge-bandia kwa sababu anafaa kwa kazi hii kuliko buibui wa nyumbani. Haruki, hana mbawa, na maisha yake mengi yanapita chini ya ganda la mti au ndani ya majani makavu, palepale vumbi linapotua. Mwili wake umegawanyika katika sehemu zinazohesabika. Na hakuna anayemhitaji: hauzwi, haliwi, haogopwi.

MFAHAMU KWANZA AKIWA MZIMA

Nge-bandia ni araknida, jamaa wa buibui, nge, kupe na utitiri. Wengi wana urefu wa milimita 2 hadi 5 tu, kwa hiyo lenzi ya mkono inayokuza mara kumi ndiyo chombo chako cha kwanza. Mbele ana magando mawili makubwa kuliko unavyotarajia kwa umbo lake. Hana mkia, hana mwiba. Ana jozi nne za miguu, mataya madogo yanayotoa pia hariri, na tumbo la duaradufu lililofunikwa kwa mabamba yaliyopangana kama vigae vya paa. Spishi nyingi zina sumu katika vidole vya gando, lakini ni ya kuulia utitiri na mabuu wadogo, na haimdhuru mtu. Duniani zimeelezwa spishi zaidi ya 4,000.

Huku kwetu mtafute chini ya maganda ya miti mikavu ya miombo, katika majani yaliyorundikana chini ya misuku, pembeni mwa vichuguu, kwenye mabanda ya kuku, maghala ya mahindi, na ndani ya mizinga ya nyuki. Mizinga ina historia yake. Mwaka 1954 Max Vachon wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris alieleza spishi mpya, Ellingsenius hendrickxi, iliyopatikana ndani ya mizinga ya nyuki ya Kongo. Jenasi hiyo imefungamana na nyuki, na hata husafiri ikiwa imewashika nyuki wenyewe. Mfugaji anayefungua mzinga na kumwona mdudu mdogo mwenye magando akikimbia kinyumenyume, asimwue. Amchukulie kichupa.

Upande wa kaskazini, katika Hifadhi ya Upemba, msafara wa Gaston-François de Witte ulikusanya wanyama wa kila aina kati ya 1946 na 1949. Naye Max Beier wa Vienna alieleza spishi nyingi za nge-bandia za Kongo. Ukifika siku moja kwenye mikusanyo ya zamani, kumbuka kwamba lebo iliyoandikwa Jadotville ni Likasi hii yetu, na Élisabethville ni Lubumbashi.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ndilo ufunguo: makuzi yake. Akitoka katika hali ya kiinitete, nge-bandia hupita hatua tatu za utunutu, na kati ya hatua moja na nyingine hujifungia ndani ya kijumba cha hariri na kujivua gamba. Akiwa mpevu hajivui tena. Maana yake ni kwamba mguu uliokatika akiwa mpevu hauoti kamwe, na kwamba kila jambo linalomtokea ndani ya kile kijumba cha hariri, baridi, ukavu au kubanwa, linaweza kumwachia alama ya maisha.

Hatua hizo zinatambulika kwa nywele za kuhisi mtikisiko wa hewa zilizo juu ya gando. Ni ndefu, nyembamba, na kila moja inachomoza kutoka kwenye kikombe kidogo. Mpevu wa kawaida ana 12 kwa kila gando: 8 kwenye kidole kisichocheza na 4 kwenye kile kinachocheza. Tunutu wa tatu ana 10, wa pili 8, wa kwanza 4. Kuna spishi ambazo hata wapevu wake wana pungufu. Kwa hiyo ukikuta nywele 8, usiandike «kasoro». Uliza kwanza huyu ana umri gani, na wenzake wa spishi hiyo wana ngapi.

WASIO NA KASORO

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi zaidi, na ndivyo inavyopasa. Kazi ya mtafuta kasoro ni kuondoa kwanza kila kitu ambacho si kasoro.

Uvimbe mweupe chini ya tumbo. Jike wa nge-bandia habebi mayai ndani ya mwili hadi mwisho. Huyabeba katika kifuko kilichoning'inia chini ya tundu lake la uzazi, na kuvilisha viinitete maji ya lishe kutoka mwilini mwake. Kwa jicho la haraka kifuko hicho ni jipu. Kigeuze taratibu kwa ncha ya brashi, utaona mviringo wa viinitete ndani yake.

Rangi iliyopauka. Aliyetoka kujivua gamba huwa mweupe au wa manjano hafifu kwa muda, magando yake laini. Akiachwa atakoza rangi.

Tumbo lililovimba au kunywea. Aliyeshiba huvimba hadi ngozi nyeupe kati ya mabamba ikaonekana. Aliyetiwa katika alkoli kali hunywea, na mabamba hupandana hata yakaonekana machache. Hesabu mabamba ukimlaza vizuri, usihesabu kivuli.

Macho kukosekana. Nge-bandia anaweza kuwa na macho manne, mawili, au asiwe na jicho lolote, kulingana na spishi. Wale wa ndani ya udongo mara nyingi hawana. Kasoro ni jicho kuwepo upande mmoja na kukosekana upande wa pili.

Vitu vilivyoganda mwilini. Utitiri hupanda juu ya araknida wakubwa na kushikamana nao; ukungu nao huota kwenye viungo vya aliyekufa. Kwa buibui kuna pia minyoo-uzi wanaoishi ndani ya tumbo na kulivimbisha upande mmoja. Hayo ni maradhi na wageni. Yaandike katika safu yake daftarini, yasichanganywe na maumbile.

Majeraha ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Mguu ukikatika wakati unamkusanya, kiungo kitaonekana wazi, chenye nyama nyeupe, bila kovu. Huyo umemuumiza wewe. Mguu uliokatika siku nyingi nyuma una kigutu kilichoziba, cheusi au kahawia iliyokoza. Kidole cha gando kilichovunjika huwa na ukingo usio sawa. Kwa buibui mchanga kuna hali ya tatu: mguu uliopotea huota tena anapojivua gamba, lakini hurudi mfupi, mwembamba, wenye miiba michache. Watu wengi huuchukua mguu huo kuwa ulemavu wa kuzaliwa, kumbe ni ushahidi wa afya.

Na kuna aliyekwama akijivua gamba. Mguu wake umejikunja, kidole cha gando kimepinda, na pengine kipande cha gamba la zamani bado kimening'inia. Ukikagua nywele na mabamba yake utakuta yote yako mahali pake. Huyu aliharibikiwa mwishoni, si mwanzoni.

KASORO ZENYEWE

Baada ya kuchuja hivyo, watakaobaki ni wachache sana. Usivunjike moyo.

Kwa nge-bandia, kasoro inayotafutwa kwanza ni ya mabamba ya tumbo. Mtu aliyeifuatilia kwa miaka mingi ni Božidar Ćurčić wa Chuo Kikuu cha Belgrade, Serbia, aliyekagua nge-bandia wa Balkani bamba kwa bamba. Namna zinazojirudia ni hizi: mabamba mawili yaliyofuatana yameungana, kabisa au upande mmoja, nusu ya bamba haipo, kwa hiyo kushoto unahesabu moja zaidi ya kulia, au mabamba yameungana mshazari, nusu ya kushoto ya moja ikikutana na nusu ya kulia ya linalofuata, hata mgongo ukawa na mstari unaozunguka.

Ili kuziona, mlaze katika kisahani chenye alkoli, chini umetandika mchanga mweupe safi ili asibiringike. Leta taa kutoka ubavuni, isiwe ya juu, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mipaka. Anza nyuma ya kichwa, shuka upande wa kushoto ukihesabu kila bamba hadi mwisho wa tumbo. Rudi, shuka upande wa kulia. Hesabu mbili zikilingana, mgeuze ufanye hivyo tumboni. Zisipolingana, usishangilie. Hesabu tena kesho, macho yakiwa mapya. Bamba lililoungana kwa kasoro ya ukuaji huwa na ukingo laini, na safu ya nywele zake hufuata umbo jipya kwa utaratibu. Bamba lililoungana kwa kovu huwa na mkunjo, weusi, na nywele zilizovurugika au kung'oka. Tofauti hiyo ya nywele inatatua mabishano mengi.

Kasoro za viungo zina namna zake: kiungo kimepungua sehemu au hakipo kabisa bila alama ya jeraha, kiungo kimezidi, viungo viwili vimeungana, kimoja kimegawanyika ncha mbili. Nge wa kawaida wenye mikia miwili wamewahi kuripotiwa sehemu mbalimbali za dunia. Kwa kupe, daktari wa mifugo Mfaransa Louis Georges Neumann alieleza maumbo yasiyo ya kawaida tangu mwisho wa karne ya 19, na hadi leo wakaguzi wa kupe wa ng'ombe hukutana na mmoja mmoja mwenye miguu pungufu, au aliye nusu dume na nusu jike, mstari wa katikati ukizitenganisha nusu hizo. Kama una ng'ombe au mbuzi, kupe watakuwa darasa zuri la kuzoeza jicho kabla ya kuwafikia wadogo zaidi.

Chanzo cha kasoro hizi kinajulikana vizuri zaidi kwa buibui. Katika Chuo Kikuu cha Nicolaus Copernicus huko Toruń, Poland, watafiti wamezoea kuyachukua mayai ya buibui wa nyumbani wa Ulaya, Eratigena atrica, na kuyaweka saa 12 katika nyuzi 14 na saa 12 katika nyuzi 32, zamu kwa zamu, katika siku za mwanzo za ukuaji wa kiinitete. Wanazaliwa buibui wenye miguu iliyoungana, iliyogawanyika, iliyozidi, iliyopungua, na mara chache hata wenye vichwa viwili. Hakuna sumu iliyotiwa. Hakuna mnururisho. Ni joto na baridi tu kupokezana. Mkazi wa Likasi anayejua usiku wa Juni ulivyo na mchana wake ulivyo, ataelewa kwa nini nasisitiza majira. Spishi za hapa zimezoea hali hiyo kwa vizazi vingi, lakini mtu anayekusanya kiangazi upande mmoja wa mji na masika upande mwingine amechanganya mambo mawili, na hakuna hesabu itakayomtenganishia.

VIFAA NA UKUSANYAJI

Huhitaji maabara ili kuanza. Tafuta beseni jeupe, chekeche lenye matundu ya milimita 5 hivi, brashi laini ya rangi ya maji namba ndogo, vichupa vya dawa ya sindano vilivyooshwa, lenzi ya mkono, penseli, na alkoli ya famasi. Alkoli ya nguvu ya asilimia 70 hadi 75 inatunza umbo. Ile ya 95 na zaidi ni kwa wanaotaka kupima jeni, nayo inakausha viungo hadi vinakatika. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, isitumike, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kutoka mpishi hadi mpishi.

Chini ya ganda la mti, tandika beseni kwanza, kisha bandua ganda taratibu juu yake. Piga chekeche majani makavu, subiri dakika moja bila kugusa. Nge-bandia hujifanya mfu. Atakapoanza kutembea ndipo utamwona. Mchukue kwa brashi iliyolowa alkoli, usitumie kibanio, maana kibanio ndicho kinachotengeneza vilema vya bandia. Ukimkuta ameng'ang'ania mguu wa nzi au wa nyuki, usimvute. Watie wote wawili katika kichupa kimoja.

Vitabu vingi vitakuelekeza kutumia faneli yenye taa juu, joto likiwasukuma wadudu washuke kwenye alkoli. Ni njia nzuri pale umeme unapokaa. Kwa Likasi, ambako umeme wa SNEL una ratiba yake, napendelea mfuko wa Winkler: mfuko wa wavu uliojazwa majani yaliyochekechwa, umetundikwa ndani ya mfuko wa kitambaa, chini yake kichupa cha alkoli. Utundike kivulini siku mbili tatu. Majani yanapokauka, wadudu wanahangaika, wanaanguka wenyewe. Fundi cherehani yeyote wa sokoni anaweza kuushona.

Ndani ya kila kichupa, si nje tu, weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli: tarehe, mahali, mahali hasa (chini ya ganda la mti gani, au mzinga gani), urefu kutoka ardhini, na jina la aliyekusanya. Wino wa kalamu huyeyuka katika alkoli, na kichupa kisicho na lebo hakina thamani hata kikiwa na mnyama wa ajabu kiasi gani.

Mambo ya usalama ni machache lakini usiyapuuze. Vaa glavu nene: chini ya ganda lilelile huishi nge wa kweli, na nyoka. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na kijijini kwa chifu. Mtu anayezunguka karibu na machimbo akiwa na vichupa na lenzi hudhaniwa anatafuta madini, kwa hiyo jieleze mapema na ubebe kitambulisho cha shule au chuo. Usiingie katika mashimo ya wachimbaji wadogo. Shinkolobwe usiende kabisa. Eneo limefungwa, lina mnururisho, na Julai 2004 machimbo yaliporomoka na kuua watu. Hakuna nge-bandia anayestahili hatari hiyo. Ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu usikusanye chochote bila kibali cha ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi.

HESABU WAZIMA

Hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Mnyama mmoja mwenye kasoro, hata umpige picha nzuri namna gani, hakwambii chochote kuhusu mahali alipotoka. Kinachosema ni idadi ya wazima waliokuwa pamoja naye.

Tuseme umekagua 40 karibu na kiwanda, ukapata wawili wenye mabamba yaliyoungana. Ukakagua 40 mbali na kiwanda, usipate hata mmoja. Wengi wataona jambo limekwisha. Sasa fikiri hivi: kama kasoro hizo mbili zingeangukia popote kwa bahati tu kati ya wale 80, ziangukie zote upande wa kiwanda ni nafasi ya karibu moja kati ya nne. Ziangukie zote upande mmoja, wowote ule, ni karibu nusu. Hakuna mahakama wala jarida la sayansi litakalokubali ushahidi huo, na wala wewe usiukubali.

Kuna kanuni nyepesi ya kubeba kichwani kuhusu sifuri. Ukikagua wanyama 100 usipate kasoro yoyote, gawanya 3 kwa 100: kiwango halisi bado kinaweza kufika 3 katika kila 100. Ukikagua 300 bila kuona kitu, kinaweza kuwa hadi 1 katika kila 100. Ndiyo maana nashauri usitoe neno lolote kabla ya kufikisha 300 kila upande, wa spishi moja, wa hatua moja ya ukuaji. Ni wengi, lakini mizinga michache na magogo ya miombo yakikaguliwa kwa msimu mmoja huenda yakakusogeza karibu. Kama spishi yako ni adimu kiasi cha kutofika huko, chagua nyingine iliyo tele.

Kuchagua vituo nako kuna akili yake. Huko Lubumbashi, udongo ulioathirika zaidi na moshi wa kinu cha kuyeyushia shaba uko kaskazini-magharibi, kwa sababu upepo unaotawala unatoka kusini-mashariki. Kwa Likasi anza na dhana hiyohiyo: chukua vituo kaskazini-magharibi ya kiwanda, na vingine kusini-mashariki kwa umbali uleule, kisha vingine vya mbali kabisa msituni. Linganisha ganda la mti na ganda la mti, mzinga na mzinga, Julai na Julai. Chota na gramu chache za udongo wa kila kituo uziweke katika mfuko safi ulioandikwa. Siku chuo kitakapokubali kupima shaba na kobalti yake, utakuwa na cha kupimwa. Mashine za mkononi za wanunuzi wa madini zimekusudiwa mawe yenye madini mengi, kwa hiyo usizitegemee kwa udongo.

Halafu fanya jambo moja ambalo watu huliruka. Kabla ya kukagua, mpe mwenzako vichupa vyote, abandike namba mpya juu ya kila kimoja ili zifunike lebo ya ndani, na afiche daftari la vituo. Wewe kagua bila kujua nani ametoka Shituru na nani ametoka msituni. Jicho linalotarajia kasoro huiona, na hilo halitokani na uongo wa mtu bali na tamaa ya jicho.

Kisa cha Cornelia Hesse-Honegger kinafundisha. Huyu ni mchoraji wa kisayansi wa Uswisi, mwenye mkono wa ajabu, ambaye baada ya ajali ya Chernobyl alianza mwaka 1987 kukusanya kunguni wa mimea huko Sweden na baadaye karibu na vituo vya nyuklia, akiwachora wenye kasoro. Michoro yake imezunguka dunia. Wanasayansi wengi walimkatalia wakisema hakuwa na kundi la kulinganishia la kutosha. Naamini aliona alichokiona, na heshima yangu kwake ni kubwa. Lakini ubishi ule umedumu kwa sababu hesabu ya wazima haikutangulia.

Upande wa pili, angalia kazi iliyofanywa hapa kwetu. Aprili 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa Lubumbashi kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana, uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji. Uligundua kwamba baba kufanya kazi za migodi kulihusiana na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Nguvu ya neno hilo ilitokana na watoto wazima waliozaliwa katika hospitali hizohizo, ambao nao waliandikwa, na wazazi wao wakaulizwa maswali yaleyale. Kama wataalamu waliweka uangalifu huo kwa binadamu, nasi tuuweke kwa nge-bandia.

Daftari lako liwe na safu hizi kwa kila kituo: waliokusanywa, waliokaguliwa, wapevu, matunutu, wenye maradhi au wageni, wenye majeraha, waliokwama katika kujivua, wenye kasoro za ukuaji. Siku uliyoona wazima watupu iandike kwa ukamilifu uleule.

ZIKIPATIKANA

Mwenye kasoro ya kweli mtenge katika kichupa chake, lakini taja katika lebo kundi alilotoka. Mpige picha kwa simu kupitia lenzi au hadubini, mgongoni, tumboni na ubavuni, rula yenye milimita ikiwa pembeni, pamoja na mzima mmoja wa spishi hiyohiyo na hatua hiyohiyo. Usimsafishe kwa asidi ya laktiki ili kumfanya angavu kabla mtu mwingine hajamwona, kwani ukimharibu hakuna wa pili. Mwonyeshe mwalimu wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Likasi au wa Lubumbashi. Kumtuma nje, tuseme kwenye makumbusho ya Tervuren yaliyo na mikusanyo mingi ya Kongo, kunahitaji kibali cha serikali, na sehemu ya mkusanyo ibaki nchini.

Kama unasoma haya wakati wa kiangazi, anza wiki hii: magogo kumi upande mmoja wa kiwanda na kumi upande wa pili, kabla mvua za Novemba hazijalowesha maganda. Urudi Februari, magogo yaleyale. Na unapopeleka vichupa chuoni, vipeleke vyote, wazima pamoja na wenye kasoro, na daftari juu yake.